Fundi Aliyeizima Serikali kwa Sekunde Arobaini

Nchi ninayoisimulia ipo, ila msomaji akiitafuta kwenye ramani hataiona, kwa kuwa ramani zetu zote zimefungiwa kabatini kwa sababu za usalama. Jina lake nalo silitaji. Kulitaja kunahitaji kibali, na vibali kwa sasa havitoki, kwa sababu ambazo ndizo hasa zilizonikalisha chini kuandika.

Mimi naitwa Mahimbo. Ni karani wa kumbukumbu katika Ofisi ya Vibali ya wilaya yetu, huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Kazi yangu ni kukaa kwenye meza ya pembeni na kuandika katika daftari kubwa kila linalotokea ofisini na saa lilipotokea. Nani kaingia, nani katoka, nani kakohoa mbele ya mkubwa. Siongezi, sipunguzi. Mkurugenzi wetu, Bwana Mkwavi, aliwahi kunisifu mbele ya wageni akisema, "Huyu Mahimbo hana maoni." Nilifurahi sana siku ile. Hata mke wangu nilimhadithia.

Ofisi yetu ilikuwa na kompyuta moja na fundi mmoja. Fundi ni dada aitwaye Tumpe, mwembamba, mwepesi wa kucheka, anayetembea na bisibisi nyuma ya sikio kama seremala anavyotembea na penseli. Kompyuta ilitoa vibali vyote: vya kuoa, vya kusafiri nje ya wilaya, vya kufuga mbwa, vya kuzika. Zamani tulikuwa tunaandika kwa mkono na kugonga muhuri, lakini mihuri yote ilikusanywa ikachomwa moto katika sherehe nzuri sana, ili tusije tukashawishika kurudi nyuma.

Basi ikashuka taarifa kutoka juu kwamba kompyuta za Serikali zina mianya, na kwamba adui anaweza kupenya. Ni adui gani, hatukuambiwa, kwa usalama wake. Mheshimiwa Luhende, Waziri wa Usalama wa Vitu Vyote, aliposoma neno "mianya" alichukua hatua siku hiyohiyo: madirisha ya ofisi zote za Serikali yakapigiliwa mbao. Tumpe alijaribu kueleza kwamba mianya inayosemwa imo ndani ya kompyuta, haimo ukutani. Bwana Mkwavi akamjibu kwamba hilo linafahamika, lakini mbao zimeshashushwa.

Dawa ya mianya ya ndani ikawa ni sasisho la usalama. Wananchi wanaliita apdeti, lakini ofisini neno hilo lilipigwa marufuku kwa kuwa linasikika kama ugonjwa wa mifugo. Siku ikapangwa, ikatangazwa kuwa sikukuu. Saa nne kamili asubuhi kompyuta zote za nchi zikabonyezwa kwa pamoja, wimbo wa taifa ukipigwa redioni, na Mheshimiwa Luhende akahutubia.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Kuanzia leo nchi yetu haiingiliki! Haiingiliki kwa mbele, haiingiliki kwa nyuma, haiingiliki kwa ubavu! Hata sisi wenyewe tuliomo ndani tutaona tofauti!"

Tukaiona. Kioo cha kompyuta yetu kiligeuka buluu. Kiduara kidogo kikaanza kuzunguka, na chini yake yakatokea maneno: *Inaweka sasisho la usalama. Tafadhali usizime kompyuta.* Hesabu ikawa inapanda, asilimia kumi, thelathini, themanini, na sisi tunapiga makofi kila inapoongezeka kumi. Saa sita mchana ikafika tisini na tisa.

Ikasimama hapo.

*

Siku ya kwanza tulisubiri kwa furaha. Siku ya pili tulisubiri. Siku ya tatu Tumpe alikwenda mezani kwa Bwana Mkwavi, na mimi nikaandika waliyosema kama yalivyo.

"Mkurugenzi, imekwama," alisema Tumpe. "Hutokea. Ukiona hivi unaizima kwa kitufe, unasubiri kidogo, unaiwasha. Dakika tano imekwisha kazi."

Bwana Mkwavi alivua miwani. "Soma pale. Pameandikwa nini?"

"Pameandikwa usizime kompyuta."

"Nani kaandika?"

"Kompyuta yenyewe, Mkurugenzi."

"Kompyuta ya nani?"

"Ya Serikali."

"Basi hilo ni agizo la Serikali," alisema Bwana Mkwavi, akarudisha miwani. "Tena limeandikwa kwa adabu, limeanza na tafadhali. Wewe ni nani wa kulikataa?"

Tumpe alicheka. Hakuna mwingine aliyecheka, na hilo nalo nikaliandika.

Wiki haijaisha, ukatoka waraka kutoka wizarani: yeyote atakayezima kompyuta ya Serikali kabla sasisho halijakamilika atakuwa ameizima Serikali yenyewe. Kila kompyuta ikapewa mgambo wa kuilinda. Wa kwetu aliitwa Chilewa, bwana mzima mwenye rungu na kikohozi, ambaye alikalishwa kwenye stuli kuutazama waya wa umeme usichomolewe. Ilipotangazwa kwamba umeme utakatika, jenereta ya hospitali ya wilaya ililetwa kwetu kwa gari, kwa sababu wagonjwa wanaweza kuvumilia, lakini kompyuta haijui uvumilivu.

Watu wakaanza kujaa barazani. Maharusi walikuja na nguo zao kwenye mifuko, wakarudi nazo. Mwalimu mmoja aliyehamishiwa wilaya ya pili akawa anafundisha kwa simu, akiwa amesimama mpakani. Bungeni mbunge mmoja akathubutu kuuliza kulikoni. Mheshimiwa Luhende alisimama, akaweka vizuri koti lake.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "hivi ni shule gani hapa duniani ambapo mtoto akipata tisini na tisa anachapwa viboko? Nchi jirani wamepata mia moja, sawa. Lakini Mheshimiwa Spika, tujiulize: wao sasa wanatarajia nini tena maishani?"

Bunge zima lilisimama kumpigia makofi. Sisi ofisini tulisikiliza redioni. Joto lilikuwa kali kwa sababu ya zile mbao madirishani, na Bwana Mkwavi alikuwa anajipepea kwa ule waraka.

*

Mzee Lugendo alikuja mwezi wa pili wa asilimia tisini na tisa. Ni mwashi aliyestaafu. Nyumba nyingi za mji huu msingi wake ni mikono yake. Siku hiyo alikuwa amejitupia begani kanga ya kike, ya njano, na ndugu zake wawili walimshika huku na huku.

"Mke wangu amefariki jana hospitali," alisema. "Bi Nyamizi. Nimeambiwa kibali cha kuzika kinatoka hapa."

Nikamweleza hali ilivyo. Alisikiliza kwa makini, akashukuru, akakaa kwenye benchi. Nilidhani anapumzika. Kumbe alikuwa anasubiri.

Aliondoka jioni tulipofunga, akarudi asubuhi kabla hatujafungua. Siku ya tatu ndugu zake wakachoka kumsindikiza. Nyumbani kwake watu walikuwa wamelala chini ya turubai. Matanga hayawezi kuanuliwa kabla ya maziko, na maziko hayapo. Wapishi walishaazima sufuria hadi mtaa wa tatu. Hospitali nako alipokwenda kuomba angalau amwone mkewe, mtunza chumba cha maiti alimwambia kwa upole, "Mzee, bila kibali, kwa kumbukumbu zetu huyu bado ni mgonjwa. Na saa za kuona wagonjwa zimepita."

Siku ya tano Bwana Mkwavi alipita barazani, akamwona.

"Mzee, bado upo?"

"Nipo, Mkurugenzi. Nasubiri kumzika mwenzangu."

"Marehemu ana haraka gani, Mzee wangu? Walio hai wanangoja, sembuse aliyekufa?"

Mzee Lugendo aliitika, "Ndiyo, bwana," kama mtu aliyezoea kujibu wenye nyumba. Akatazama chini. Niliandika: *Mkurugenzi amemfariji mfiwa.*

Tumpe tangu siku ile hakucheka tena. Kila mara alikuwa anakwenda barazani na glasi ya maji, anampa mzee, anarudi, anakaa mbele ya kile kiduara kinachozunguka. Mara mbili nilimwona amenyoosha mkono, na Chilewa akakohoa, mkono ukarudi.

Siku ya kumi, ilikuwa Alhamisi, Mzee Lugendo aliinuka kwenye benchi akaja mpaka mlangoni. Bwana Mkwavi alikuwa amekwenda kula. Chilewa naye alikuwa amekwenda nyuma ya jengo kunawa. Ofisini tulikuwa mimi na Tumpe tu.

"Mwanangu," mzee alimwambia Tumpe, "mimi sikusoma. Nieleze nielewe. Hiyo mashine inangoja nini?"

"Haingoji kitu, babu. Imekwama."

"Haingoji kitu kabisa?"

"Kabisa."

Mzee akafikiri. "Na wewe, mwanangu, unangoja nini?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza tu, kama unavyomuuliza mtu njia. Tumpe akageuka, akainama chini ya meza, akabonyeza kitufe na kukishikilia.

Kioo kikawa cheusi.

Sijawahi kuogopa vile. Nilitazama dari nikidhani litashuka. Nilitazama picha ya Mkuu wa Nchi ukutani, nikaona bado anatabasamu, lakini picha huwa hazipati habari mapema. Tumpe alikuwa anahesabu kwa sauti ndogo. Alipofika arobaini, akabonyeza tena.

Kompyuta ikalia kidogo. Ikawaka. Asilimia mia moja. *Karibu*, ilisema.

Tumpe hakusherehekea. Aliandika jina la Bi Nyamizi, akauliza umri, akaandika umri, akabonyeza, na printa ikatoa karatasi moja. Mzee Lugendo aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama kichwa chini miguu juu, akaibusu, akaikunja ndani ya ile kanga.

"Mungu akuweke," alisema.

Saa kumi jioni ile ile Bi Nyamizi alizikwa. Watu waliokwenda walisema wafiwa walilia kama ndiyo kwanza wameambiwa.

*

Sasa nifike mahali ambapo watu wengi hunielewa vibaya.

Kazi yangu ni kuandika. Niliandika hivi: *Saa saba na dakika kumi, fundi amezima kompyuta. Baada ya sekunde arobaini ameiwasha. Sasisho limekamilika. Kimetoka kibali kimoja.* Ni mistari minne. Nilidhani mtu yeyote atakayeisoma ataona kwamba mstari wa tatu ni habari njema. Niliona hata kwamba Tumpe atapewa cheti.

Daftari husomwa na Mkurugenzi kila siku saa tisa. Bwana Mkwavi alisoma mstari wa kwanza, akainua simu. Hakufika wa tatu.

Walikuja askari sita kwa magari mawili. Wanne walimchukua Tumpe. Wawili walichukua kompyuta, wakaifunga pingu kwenye waya wake wa umeme na kuipakia gari la pili, ili washukiwa wasije wakapanga maelezo njiani. Tumpe alipopita mezani kwangu alisimama.

"Kaka Mahimbo. Uliandika?"

"Niliandika ukweli, Tumpe. Soma mwenyewe, nimeandika na kwamba imepona."

Alinitazama. Alitoa bisibisi nyuma ya sikio, akaiweka juu ya daftari langu, wakaondoka naye.

Kesi ilisikilizwa baada ya wiki tatu. Ukumbi ulijaa. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mwenye sauti nzito kuliko kifua chake, na alianza kwa kunyamaza sekunde arobaini huku ameinua saa yake, tukaketi wote kimya tukitokwa jasho.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema hatimaye, "mmeuona urefu wake! Katika muda kama huo, nchi hii ilikuwa mikononi mwa nani? Mipaka ilikuwa inalindwa na nani? Sheria zilikuwa zimelala wapi? Mheshimiwa, kwa sekunde arobaini raia wote wa nchi hii walikuwa ni watu tu!"

Watu walishtuka. Mama mmoja nyuma yangu alifunika uso.

Niliitwa kuwa shahidi. Nilikuwa nimejiandaa. Usiku mzima nilikuwa nimepanga maneno: kwamba ilipowaka ilikuwa imepona, kwamba ndiyo kompyuta pekee nchini iliyofika mia, kwamba mzee alikuwa amekaa kwenye benchi siku kumi.

"Wewe ndiye Mahimbo, karani?" aliuliza mwendesha mashtaka.

"Ndiye mimi."

"Mshtakiwa alizima kompyuta?"

"Alizima, lakini..."

"Shahidi ajibu alichoulizwa," alisema Hakimu.

"Alizima."

"Ni hayo tu."

"Mheshimiwa, baadaye iliwaka."

"Kuna mtu amekuuliza kama iliwaka?" alisema Hakimu.

Nikatazama huku na huku kama kuna mtu ameniuliza. Hakukuwa na mtu. Nikashuka. Tumpe alikuwa kizimbani ameshika mbao kwa mikono yote miwili. Hakuniangalia.

Wakili aliyepewa na Serikali aliomba kompyuta iwashwe mbele ya mahakama, ili kila mtu aone kwamba inafanya kazi. Mwendesha mashtaka akapinga: kompyuta ni kielelezo, na kielelezo hakipaswi kuguswa. Tena, kama kweli inafanya kazi, basi inafanya kazi kwa njia haramu, na hiyo ni hatari zaidi kuliko ingekuwa mbovu. Hakimu alikubaliana naye.

Hukumu ilikuwa fupi. Tumpe akae rumande hadi hapo sasisho la usalama litakapokamilika nchi nzima, ndipo ukubwa wa hasara aliyoleta ujulikane na apewe adhabu inayolingana. Wakili alisimama akauliza nani atalikamilisha sasisho, ikiwa mafundi hawaruhusiwi kuzima. Hakimu akajibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu, na mahakama haiingilii utaalamu.

"Aidha," aliendelea kusoma, "kibali kilichotolewa kwa kompyuta iliyozimwa kinyume cha sheria ni batili. Kwa macho ya sheria, marehemu Nyamizi hajazikwa. Anatakiwa afukuliwe, arudishwe hospitali, na familia ipewe muda wa kutosha kuanza msiba upya."

Ndipo Mzee Lugendo aliposimama. Hakuwa ameitwa. Alikuwa kwenye mstari wa nyuma kabisa, na ile kanga begani.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, "naomba niseme na mimi. Huyu mke wangu nimekaa naye miaka arobaini na mmoja. Hakuwahi kunisumbua. Amekufa, nimemsumbua mimi, siku kumi nimemwacha kwenye barafu. Nilipomfukia nilimwomba radhi, nikamwambia imekwisha, lala. Sasa mimi nitarudi kumwambia nini?"

Mwendesha mashtaka alipekua makaratasi. Hakimu alitazama juu kidogo, akatazama ile hukumu, akaona imeshaandikwa.

"Ameketi," alisema.

Mzee alikuwa bado amesimama, lakini mwandishi wa mahakama aliandika ameketi.

*

Kompyuta yetu ilirudishwa baada ya kesi. Kwa kuwa ilikuwa ndiyo pekee iliyokamilika, ilikuwa inavuruga takwimu za taifa. Wakaja wataalamu watatu kutoka wizarani na kisanduku, wakafanya kazi siku mbili bila kupumzika, wakafanikiwa kuirudisha kwenye tisini na tisa. Bwana Mkwavi aliwaandalia soda. Chilewa akarudi kwenye stuli yake.

Tangu hapo mimi na Chilewa tulibaki wawili mle ndani, na joto, na kile kiduara. Hatukuwa na mengi ya kuongea. Siku moja aliniambia kwamba mama yake ana mtoto wa jicho macho yote mawili, hospitali ya macho iko wilaya ya pili, na kwamba daktari amesema dawa ipo ila asichelewe. Anangoja kibali cha kusafiri. Alinieleza hivyo akiwa anautazama waya.

Jumanne moja, saa sita na nusu mchana, Bwana Mkwavi ametoka kula, Chilewa aliinuka. Aliegemeza rungu ukutani.

"Karani," alisema, "naenda kunywa maji."

"Maji yapo hapa kwenye jagi," nilimwambia.

"Nataka ya kule kisimani. Ni mbali. Nikienda huwa nachelewa kurudi." Akafika mlangoni, akageuka. "Nachelewa sana, Karani. Hata nusu saa."

Akaniangalia kwa jicho ambalo hata mimi nilielewa. Akatoka, akavuta mlango taratibu nyuma yake.

Nikabaki peke yangu na kitufe.

Nilisogeza kiti. Niliinama chini ya meza, nikakiona: kidogo, cha duara, kimechakaa katikati kwa kidole cha Tumpe. Ukikibonyeza unahesabu arobaini. Mtu yeyote anaweza. Nilimfikiria Tumpe. Nilimfikiria mama wa watu anayepapasa ukuta wa nyumba yake. Nilinyoosha kidole, na naapa kidole kilifika, nilihisi kitufe kilivyo cha moto kidogo. Kisha nikasikia moyoni, kwa sauti ya Hakimu, *Kuna mtu amekuuliza?* Nikatafuta mtu aliyeniuliza. Hakukuwa na mtu.

Nikarudi mezani kwangu, nikaweka mikono magotini.

Saa saba kamili Chilewa alirudi. Aliangalia kioo. Kilikuwa cha buluu vilevile. Aliniangalia mimi, halafu akachukua rungu lake akakaa. Hakukohoa hata mara moja hadi jioni.

Na mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na kwa kuwa nilitaka mkono uwe na la kufanya, niliandika: *Saa sita na nusu mgambo ametoka kwenda kunywa maji. Amerudi saa saba.*

*

Kutoka ofisini hadi gereza la wilaya ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Nilianza kwenda siku za Jumapili. Mke wangu hupika wali na maharage, huutia kwenye hotpoti, wala hanisemeshi anaponipa.

Jumapili iliyopita Tumpe alitoka amekonda, nywele amezikata, lakini alisimama wima. Kati yetu kuna waya wa madirisha, na askari jela wa kike anasikiliza huku anafuma sweta.

"Habari za huko nje?" aliniuliza.

Nikamweleza ya Mzee Lugendo, maana nilijua ndiyo aliyokuwa anaitaka. Polisi walikwenda makaburini na majembe, wamejipanga kwa mstari. Mlinzi wa makaburi akawaomba kibali cha kufukua. Kibali cha kufukua kinatoka Ofisi ya Vibali. Wakaja kwetu, nikawaonyesha kioo, wakaweka majembe chini, wakakaa kwenye benchi. Wamekaa wiki mbili sasa. Mzee Lugendo huwa anapita, anawaamkia, anakwenda zake makaburini kumwagilia maua.

Tumpe alicheka. Alicheka hadi akashika waya, hadi machozi yakamtoka, hadi yule askari jela akaacha kufuma akamtazama kwa wasiwasi, kama anatafuta ni kifungu gani kinachokataza.

"Basi kuna mtu mmoja nchi hii mambo yake yamekwisha," alisema akijifuta.

"Mmoja yupo."

Akapokea hotpoti. Ndipo akaona kwamba nimeshika nyingine mkono wa kushoto.

"Hiyo ya nani?"

Nilitamani asiulize. "Ya Chilewa," nilisema. "Yule mgambo. Yuko hapa tangu Jumanne, upande wa wanaume. Alikutwa ameacha lindo nusu saa."

"Nani alimkuta?"

Nikaihamishia hotpoti mkono wa kulia. Alinitazama bila hasira, na afadhali angekasirika.

"Na mama yake?" aliuliza.

"Haoni tena. Lakini anajua sauti yangu. Nikipiga hodi ananitambua."

Askari jela alikunja sweta lake akasema muda umekwisha. Tumpe alikuwa ameshageuka kwenda ndani. Alisimama mlangoni.

"Kaka Mahimbo," alisema, "acha kuandika."

"Nikiacha kuandika, Tumpe, nitafanya kazi gani?"

Mlango ulishafungwa. Sijui kama alisikia. Nikaifunika vizuri ile hotpoti ya pili kwa kitambaa, nikauzunguka ukuta kwenda upande wa wanaume, nikienda haraka ili wali usipoe.